Nilivyosoma mahakamani sheria ya India iliyokwisha kufutwa

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa sheria, mwaka wa tatu, kaniandikia: "Dada wakili, sheria ya nchi nyingine naitafutaje?" Nimekaa siku mbili bila kumjibu. Jibu ninalo, ila nililipata kwa aibu.

Tulikuwa na kesi ya madai. Wenzetu wa upande wa pili walileta mazungumzo ya WhatsApp yaliyochapwa kwenye karatasi, bila hati yoyote ya uthibitisho. Nikapewa kazi ya kuangalia India wanafanyaje. Kwa nini India mnajua: Sheria yao ya Ushahidi ya 1872 ilitumika hapa Tanzania Bara mpaka tulipotunga ya kwetu mwaka 1967, na vifungu vingi tulivichota kwao. Nikaenda maktaba, nikakumbatia kitabu kinene cha ufafanuzi, nikakesha nacho. Kifungu cha 65B, kinachotaka ushahidi wa kielektroniki uje na hati ya uthibitisho, nilikijua kama sala. Nikaongeza uamuzi wa Mahakama ya Juu ya India wa mwaka 2020, Arjun Panditrao Khotkar, kwamba hati ni lazima isipokuwa mwenye kifaa akikileta chenyewe. Jamani, nilijipanga! Hata suti ilikuwa mpya.

Nikamaliza, nikakaa. Wakili wa upande wa pili akainuka na upole ule unaouma kuliko tusi: "Mheshimiwa, sheria anayoitegemea msomi mwenzangu, India wameshaifuta."

Kweli. Tangu tarehe 1 Julai 2024 wanatumia sheria mpya ya ushahidi, Bharatiya Sakshya Adhiniyam ya 2023, na 65B imekuwa kifungu cha 63. Kitabu changu kilichapwa 2016. Hoja yenyewe haikufa, maana hati bado inatakiwa huko, lakini nani alikuwa ananisikiliza tena? Njia nzima ya kurudi ofisini bosi alikuwa anatazama dirishani. Mpaka leo utafiti wa sheria za nje anampa mwingine, ambaye, niseme tu, hanizidi kitu.

Basi mdogo wangu, anza na kuuliza kama sheria iko hai. Kwa India fungua India Code, tovuti ya serikali yao. Kwa Kenya, tovuti ya Kenya Law; kwa Uganda, tovuti ya ULII. Maamuzi ya India utayapata bure kwenye tovuti ya Indian Kanoon, na usisome uamuzi mmoja ukaridhika; tafuta wa karibuni zaidi unaoutaja. Kitabu cha maktaba kitakufundisha kifungu kinamaanisha nini, hakiwezi kukwambia kama bado kipo. Andika tarehe uliyofungua ukurasa. Halafu siku moja kabla ya kusimama mbele ya jaji, angalia tena kama iko hai. Nyie wa siku hizi mnachapa swali kwenye simu, jibu la kwanza likija mnalibeba kama msahafu. Mimi angalau nilikosea kwa kusoma.

Kile kitabu nilikirudisha, kipo kwenye rafu ileile. Kwenye ukurasa wa 65B nimeacha kikaratasi: "Tazama 63." Maktaba watanisamehe.