Roki ya indie ukiwa Mwanza: shika albamu moja, kisha iangalie bendi ikipiga laivu

Kila ninapokaa na vijana wapenda magitaa hapa mjini, swali huwa lile lile: hizo bendi za roki ya indie unazozisifia, yaani zinazotoa rekodi bila kutegemea kampuni kubwa, mtu anaanzia wapi? Redio zetu hazizipigi, na ukitafuta kwenye simu unamwagiwa orodha ya nyimbo ambazo kesho yake hukumbuki hata moja. Mimi huwaambia waachane na orodha. Shika albamu moja, kaa nayo mpaka uijue, kisha mtazame mwenye albamu akipiga laivu. Na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, albamu ya kwanza isitoke Marekani wala Uingereza. Itoke Niger.

Mdou Moctar ni mpiga gitaa wa Kituareg, watu wa jangwa la Sahara, maskani yake mji wa Agadez. Anapiga kwa mkono wa kushoto, na gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa kutumia waya za breki za baiskeli kama nyuzi. Nyimbo zake za awali zilisambaa Sahel, ukanda wa kusini mwa Sahara, kwa watu kurushiana kwenye simu, memori kadi hadi memori kadi, kama tulivyokuwa tukirushiana sisi kabla bando hazijawa za kawaida. Mwaka 2021 lebo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, ya Matador ya New York ilitoa albamu yake ya Afrique Victime, na mwaka 2024 ikatoa Funeral for Justice. Anaimba Kitamasheki, lugha ya Watuareg, kwa hiyo asiwepo wa kujitetea kwamba Kiingereza kinampa shida. Wasikilizaji wake wa London nao hawaambulii neno, na bado wanajaza kumbi.

Sababu kubwa ya kumtanguliza huyu ni jambo lililotokea Julai 2023. Bendi ilikuwa ziarani Marekani jeshi lilipopindua serikali ya Niger, na wale wa kutoka Niger wakakwama huko. Wakaingia studio New York wakazipiga upya nyimbo za Funeral for Justice, safari hii bila magitaa ya umeme, na rekodi hiyo ikatoka Februari 2025 kwa jina la Tears of Injustice. Yaani una albamu mbili zenye nyimbo zile zile, bendi ile ile, sauti mbili tofauti kabisa. Sijui shule nzuri kuliko hiyo kwa sikio linaloanza.

Fanya hivi. Vaa hedifoni, chagua wimbo mmoja, usikilize kwanza wa umeme. Solo inakwaruza, inapanda, inajaza kichwa chote, na mara ya kwanza hutasikia kingine. Sasa weka wimbo huo huo kutoka Tears of Injustice. Kelele imeondoka, na ghafla unasikia vidole vikigusa nyuzi, unasikia mkono wa rizimu unaozunguka pale pale bila kuchoka huku sauti ya mwimbaji ikikaa juu yake. Ukirudi kwenye ule wa umeme, rizimu ile utaikuta. Ilikuwapo muda wote chini ya mkwaruzo. Mimi tangu nilipoipata hiyo, roki yenye kelele haijanitisha tena. Huwa naitafuta rizimu kwanza, nikiishaishika, kelele inajieleza yenyewe.

Na kutafuta rizimu si kazi ngeni kwetu. Aliyekulia kwenye nyumba ambako Jumapili mchana zililia kaseti za Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajabu anajua kutenganisha solo, rizimu na besi, hata kama hajawahi kushika gitaa. Anajua pale waimbaji wanaponyamaza ili magitaa yazungumze. Indie nayo imesimama juu ya magitaa, besi na drams. Wengi wanadhani wanaanza sifuri, kumbe nusu ya masomo walishayasoma sebuleni kwa baba.

Kuhusu lebo, hapa naomba uwe makini, maana ndiyo njia ya kuipata albamu ya pili na ya tatu bila kutegemea simu ikuchagulie. Indie ilianzia kwenye suala la nani anagharamia rekodi: kampuni kubwa, au watu wachache wenye duka na mapenzi. Rough Trade lilikuwa duka la santuri London mwaka 1976, likazaa lebo mwaka 1978. Merge ya North Carolina ilianzishwa mwaka 1989 na wanamuziki wawili wa bendi ya Superchunk ili watoe kazi zao na za marafiki, na mwaka 2011 albamu ya bendi ya Arcade Fire ambayo Merge waliitoa Marekani, The Suburbs, ikachukua tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka mbele ya kampuni kubwa zote. Lebo ya namna hiyo ni kama mama unayenunua kwake dagaa pale Mwaloni, Kirumba: ukishauamini mkono wake, hata akikupa usichokijua unakipokea. Kwa hiyo ukimpenda Mdou, fungua ukurasa wa Matador uone wametoa nini kingine. Albamu mpya hutoka Ijumaa, ndivyo ilivyo duniani kote tangu Julai 2015. Mimi hununua bando la usiku, napakua albamu moja tu, na wiki nzima naisikiliza hiyo.

Ukiwa na uwezo, nunua. Bandcamp, mtandao wa kuuza muziki, inapokea malipo ya kadi, na sehemu kubwa ya fedha inamfikia mwanamuziki. Zipo Ijumaa maalumu, zilianza Machi 2020, ambazo mtandao huo hauchukui fungu lake.

Tuje kwenye laivu. Ni kweli, bendi hizi haziji Mwanza. Anza na video za KEXP, redio ya Seattle inayoalika bendi studio na kuzirekodi zikipiga bila ujanja, Mdou yumo. Itazame ukiwa tayari umeijua albamu, kwa sababu raha yake ni kuona walichobadilisha: wimbo wa dakika 4 umekuwa wa 8, solo imepita njia nyingine, mpiga drams amemtazama mpiga besi na wote wawili wameongeza kasi.

Lakini video haitoshi. Macho na masikio ya laivu yanazoezwa mbele ya watu wanaotoka jasho, na walimu tunao hapa hapa. Nenda Bujora, Kisesa, msimu wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, mwezi Juni, uone Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma, wakishindana. Anayevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi, kwa hiyo kila kundi linapanga lini litoe mbwembwe na lini litulize. Kisha wikiendi nenda kwenye bendi yoyote inayopiga vyombo kweli kweli hapa mjini, na uwahi kufika. Uwakute wakijaribu vyombo. Msikilize fundi mitambo akiomba besi peke yake, kisha drams peke yake, kisha zote pamoja, na usikie ukumbi unavyobadilika kila kinapoongezwa kimoja. Onyesho likianza, usisimame mbele ya spika. Simama karibu na mitambo, kwa sababu fundi anarekebisha sauti kwa masikio yake akiwa hapo. Na nunua vizibo vya masikio vya sponji, usitumie pamba. Kelele ya desibeli 100 inatosha kudhuru masikio ndani ya dakika 15, na hayo masikio ndiyo mtaji wako.

Ukishajichanga, safiri. Tamasha la Sauti za Busara hufanyika Zanzibar mwezi Februari, lilianza 2004, na sharti lake ni kwamba kila anayepanda jukwaani apige laivu, hakuna kuimbia juu ya biti. Si tamasha la roki, lakini ukisimama Ngome Kongwe usiku ukasikia bendi usiyoijua hata jina ikikushika kuanzia wimbo wa kwanza, utajua ninachokisema.

Baada ya Mdou, nenda kwa jirani zetu Zambia: WITCH, bendi ya miaka ya 1970 iliyochanganya roki na midundo ya kwao. Mwimbaji wao Jagari Chanda aliwahi kuacha muziki akachimba vito, kisha akarudi, na mwaka 2023 wakatoa albamu mpya, Zango. Kisha Vampire Weekend wa New York, albamu yao ya kwanza ya 2008, ambamo utakutana na magitaa membamba yenye harufu ya Kongo mpaka ucheke. Big Thief, bendi nyingine ya Marekani, waweke mwisho. Albamu yao ya 2022 ina nyimbo 20 na haina haraka hata kidogo, inataka mtu ambaye tayari amezoea kukaa na albamu moja wiki nzima.