Mizinga Isikupoteze Unapochambua Filamu ya Vita

Nilipoanza kuchambua filamu za vita, niligawa sehemu tatu za hadithi, yaani mwanzo, kati na mwisho, kwa kufuata milio ya mizinga: palipokuwa na pigano kubwa, niliandika kwamba sehemu moja inaishia hapo na nyingine inaanza. Uchambuzi wangu wa Saving Private Ryan, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1998, ulirudishwa na mwalimu ukiwa na swali moja pembeni: hapa nani ameamua nini?

Sikuwa na jibu. Pigano la ufukwe wa Omaha nchini Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944 katika Vita vya Pili vya Dunia, huchukua zaidi ya dakika 20 na ndilo watazamaji wengi wanalolikumbuka, lakini halianzishi safari yoyote. Linatuonyesha mkono wa Kapteni Miller unaotetemeka na ukubwa wa mauaji, basi. Tukio linalowasha hadithi ni dogo na halina kishindo: mawimbi yenye rangi ya damu yanapiga ufukweni, kamera inapita juu ya maiti na kutua kwenye mkoba wa mgongoni ulioandikwa jina la Ryan. Ndipo inapogunduliwa Marekani kwamba ndugu watatu wa familia moja wameuawa, na Miller anaamriwa kumtafuta wa nne, askari Ryan. Anapoondoka na kikosi chake, sehemu ya kwanza imefungwa na swali liko wazi: je, watampata?

Nakushauri uliandike swali hilo kwa sentensi moja kabla ya kuendelea. Wapo wanaogawa kwa kuangalia saa: robo ya muda kwa sehemu ya kwanza, nusu kwa ya kati na robo kwa ya mwisho. Kwa filamu hii ya dakika 169 utajikuta unautafuta mpaka wa sehemu ya kwanza kwenye dakika ya 42, iwe upo au haupo.

Katika sehemu ya kati, usihesabu mapigano bali tazama jinsi swali linavyozidi kuwa ghali. Tabibu Wade anakufa katika shambulio dhidi ya kituo cha bunduki ya rashasha, mateka Mjerumani anaachiwa, askari mmoja anatishia kuondoka, na Miller anauzima ugomvi kwa kutaja kazi yake ya uraiani, jambo ambalo askari wake walikuwa wakilichezea kamari: ni mwalimu wa shule. Zamani niliandika kwamba hapo mtazamaji anapumzishwa. Nilikosea, kwani hapo ndipo swali la kumpata Ryan linapogeuka kuwa swali la kama uhai wa mtu mmoja unastahili kulipiwa kwa uhai wa hawa wengine.

Kisha Ryan anapatikana, na anakataa kuwaacha wenzake wanaolinda daraja. Swali la kwanza limejibiwa, ila filamu haijaisha. Mpaka wa sehemu ya tatu ni uamuzi wa Miller wa kubaki naye, wala si risasi ya kwanza darajani. Hata mateka yule aliyeachiwa anarudi na kumpiga Miller risasi, kwa hiyo deni la sehemu ya kati linalipwa hapa. Nikiweka mpaka mahali ambapo swali halijabadilika, naufuta, hata kama pamelipuka vipi.

Wengi huufunga uchambuzi wao pale darajani. Lakini baada ya hapo Ryan, sasa mzee, anasimama mbele ya kaburi la Miller na kumwomba mkewe amwambie kama ameishi vyema. Bila jibu la mke huyo, sehemu ya tatu haijafungwa.