Macho ya omoni

Swali: Shikamoo Bi. Tuko vijana watatu Langoni, Lamu, tunasanifu nembo na mabango. Kazi zetu sasa zafanana na za kila mtu. Tupate wapi fikira mpya?

Jibu: Marahaba wanangu. Zimeni kompyuta asubuhi moja. Mimi huanza na kanga: pindo, mji (sehemu ya kati) na jina (maneno yake). Fremu, picha na maneno vishapangwa! Itandazeni sakafuni, mpime pindo limekula nafasi gani. Vidaka, yaani vijishubaka vya ukutani katika nyumba za kale za mtaa wa Mkomani, navyo vilinifunza kuacha weupe, nafasi tupu, upumue. Kisha shukeni forodhani mtazame macho yaliyochorwa kwenye omo, yaani sehemu ya mbele, za mashua. Huonekana kwa mbali, na nembo yataka hivyo. Ila mkipenda nakshi za kofia, mshonaji mwombeni ruhusa kabla ya kuzichukua. Hilo nalisisitiza.