Bitcoin na sabuni za gerezani vinatoka mfuko mmoja

Wastaafu wenzangu hapa Moshi hunishangaa kwa mambo mawili: kwamba mzee wa Mombasa aliyekuja kupumzikia chini ya Kilimanjaro ana Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali ya mtandaoni, na kwamba anapeleka vitu Gereza la Karanga. Kwangu yote yanatoka mfuko mmoja, wa pesa ambazo nimeshaziaga.

Pensheni kwanza hulipa kodi ya nyumba, dawa na chakula. Akiba ya kweli iende kwenye hati fungani za serikali au mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Kale kadogo kanakosalia ndiko ninakokata nusu kwa nusu: nusu Bitcoin, nusu gerezani.

Bitcoin naipenda kwa kuwa sarafu zake hazitazidi milioni 21 na hakuna gavana wa benki kuu wa kuziongeza. Bei yake lakini haina adabu. Novemba 2021 ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa kama dola 16,000. Mwezi huo ndipo FTX, soko la mtandaoni la kuuzia na kuwekea sarafu hizi, lilipoanguka na walioacha sarafu zao humo wakafungiwa nje. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alipewa miaka 25 jela mwaka 2024. Basi funguo za sarafu zangu nashika mwenyewe: maneno ya siri yako kwenye karatasi, si kwenye simu, na kitinda mimba wangu anajua karatasi ilipo. Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitahadharisha mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Na anayekuahidi faida kila wiki ukimletea watu wawili, hata kama mnaimba naye kwaya, huyo anakuuzia upatu. Kiinua mgongo chako usimwonyeshe.

Gerezani kuna mengi ya kujifunza. Usifike tu na gari limejaa. Nenda kwanza kwa ofisi ya mkuu wa gereza, uulize kinachokosekana, ndipo ushuke soko la Mbuyuni. Watu hupenda kupeleka biskuti na kupiga picha. Huko ndani wanataka sabuni ya mche, dawa ya meno, ndala, na upande wa wanawake taulo za kike. Simu unaiacha getini. Askari atafungua katoni na kupekua mche mmoja mmoja, nawe usinune, ni kazi yake. Fedha taslimu usimpe mtu, awe amevaa sare au hajavaa.

Ila kama una kidogo sana, acha hata sabuni, lipa faini. Wapo waliohukumiwa faini au kifungo, wakaingia ndani kwa sababu tu ndugu hawakuchanga zikatosha. Ofisi ya gereza itakuelekeza ni nani, mahakama itatoa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, na stakabadhi inabaki kwako. Mtu analala kwake. Sijaona hati fungani yenye faida ya namna hiyo. Kosa lake usilichimbe, na shukrani usizisubiri. Wengine hutoka wakashika njia ya stendi bila kugeuka, na ni haki yao.

Bitcoin ikipanda nauza kidogo, na hela hiyo hairudi kwenye matumizi ya nyumbani, inaingia kwenye faini. Ikishuka, wa Karanga hawapunguziwi, maana nusu yao huitenga Januari kabla sijafungua simu kutazama bei.