Alama 19 za mama zina maana gani?

SWALI: Mama ana miaka 74, hakwenda shule. Hospitali walimpima kumbukumbu akapata 19 kati ya 30, wakasema ana ugonjwa wa kusahau. Lakini anauza ndizi sokoni na chenji hakosei. Ila tangu mwaka jana swali moja analirudia mara tatu, nne kwa siku. Tuamini lipi?
Msomaji, Bomang'ombe

JIBU: Zihesabu upya hizo alama. Kipimo cha 30 kinachotumika sana kina alama 5 za kutoa saba saba kuanzia 100, 1 ya kusoma, 1 ya kuandika, 1 ya kunakili mchoro. Asiyewahi kushika kalamu anaweza kuzikosa zote 8 akabaki na 22, akili ikiwa timamu, na mstari uliozoeleka ni 24: chini ya hapo huhesabiwa kuna tatizo. Kutoka 22 hadi 19 za mama, zimebaki 3 za kuelezwa. Omba karatasi uone zilipotelea wapi. Kama ni yale maneno matatu ya kukumbuka baada ya dakika chache, basi hilo, pamoja na maswali anayoyarudia, lanitia wasiwasi kuliko 19 yenyewe.

Huko kwenu wilaya ya Hai ndiko kulikotumika kipimo kiitwacho IDEA, cha alama 15, kisichodai kalamu: mzee anapanga njiti nne za kiberiti kufuata mfano, anataja wanyama kwa dakika moja, anaeleza daraja ni nini, anakumbuka orodha ya maneno kumi. Akipata 7 au chini, huenda ana tatizo. 8 au 9, ni mashaka. 10 na zaidi, huenda hana. Hata hicho ni chekeche tu. Mwanasaikolojia wa ubongo atakuuliza wewe zaidi: nini alikiweza zamani na sasa kinamshinda, na kilianza lini.

Apimwe kwa Kichagga kama ndicho anachokimudu, awe na miwani yake. Wewe kaa kimya; ukimnong'oneza jibu, kipimo kimeharibika. Beba dawa zake zote, hasa za usingizi na za mafua, maana baadhi huvuruga kumbukumbu. Ulizia pia vipimo vya tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, na kama ana sonona. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, usisubiri miadi: mara nyingi ni maambukizi.

SWALI: Baba ana ugonjwa wa kusahau. Mafumbo ya gazeti yatamponya?

JIBU: Hayaponyi. Chenye ushahidi ni vikundi vya kuchangamsha ubongo: vikao 14, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 7. Faida yake ni ya wastani.