Maswali na majibu: kadi ya grafiki ya kuchezea gemu, RTX 3080 ya mtumba, 4060 Ti mpya au 6700 XT, nichukue ipi?

SWALI: Fundi habari za kazi, mimi niko Tanga. Nina mashine niliyojenga mwenyewe, Ryzen 5 5600, bodi ya B450, RAM 16GB, powasaplai 550W na kadi ya grafiki GTX 1660 Super. Juzi nimenunua monita ya 1440p yenye 165Hz (inaonyesha picha mpaka 165 kwa sekunde) na toka hapo kadi imeelemewa, gemu kama Warzone inakatakata, Cyberpunk ndo usiseme. Nataka kadi kali nikae nayo miaka mitatu minne. Nimepata tatu: RTX 3080 10GB iliyotumika, ipo Kariakoo, muuzaji anasema nikituma hela ananipakilia kwenye basi. RTX 4060 Ti 8GB mpya ya boksi, bei inakaribiana kabisa na hiyo 3080. Na RX 6700 XT 12GB iliyotumika, hii nafuu kidogo. Jamaa yangu anasema AMD niachane nazo kabisa. Nichukue ipi?

JIBU: Salama mkuu, na asante kwa kuandika mashine nzima maana wengi wanauliza "kadi gani kali" halafu basi, hujui wana powasaplai gani hujui wana monita gani, unajibu nini sasa hapo.

Kwanza tuiondoe lawama hiyo 1660 Super. Ilitoka 2019 kwa ajili ya 1080p, na ukihama kutoka 1080p kwenda 1440p unatoka pikseli milioni 2.07 unaenda milioni 3.69 kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, yani kazi inaongezeka karibu mara 1.8 na kadi ni ileile yenye GB 6. Lazima itoe ulimi.

Sasa kwa nguvu tupu, kati ya hizo tatu 3080 inaziacha hizo nyingine mbali, hapo hamna ubishi. Ni ya 2020 lakini njia yake ya memori ni biti 320 na inasukuma GB 760 kwa sekunde, wakati 4060 Ti ya 2023 ina biti 128 na GB 288 kwa sekunde. Watu wanaona 4 ni kubwa kuliko 3 wanadhani lazima 4060 iipige 3080, hapana, tarakimu ya mbele ni kizazi tu, zile mbili za mwisho ndo zinakwambia kadi ilizaliwa kwenye daraja gani. Nvidia wenyewe walikuwa wanaiuza 3080 kama kadi ya juu, na 4060 Ti ni ya kati kwa chini.

Ila wewe hununui kadi peke yake, unanunua kadi itakayokaa kwenye mashine yako, na hapo ndo hesabu inabadilika.

3080 inakula Wati 320. Prosesa yako ikikazwa inafika Wati 76 hivi, weka bodi, RAM, diski na feni Wati 50, jumla unapata kama 450. Utasema si bado nina 100 za ziada? Shida ni kwamba kadi za kizazi kile zinaruka, ndani ya kipande kidogo sana cha sekunde 3080 inaweza kuvuta zaidi ya Wati 400 yenyewe peke yake kisha inashuka, na powasaplai ya 550W ikiona ule mruko inadhani kuna shoti inajizima. Utakuwa katikati ya gemu, mashine inazimika kimya, hamna hata skrini ya bluu, unaiwasha inawaka kama hakuna kilichotokea, na mafundi watakuambia RAM, watakuambia Windows, utapiga Windows mara tano bure. Nvidia wameandika 750W kwa kadi hii na hawakuandika kwa kupenda. Kwahiyo bei ya 3080 ni bei ya kadi jumlisha powasaplai ya 750W ya maana, sio zile nyepesi kama boksi la viatu zilizoandikwa 800W kwenye stika.

Na UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, je? UPS nyingi za 650VA zilizojaa mitaani kwa Wati halisi hazifiki hata 400. TANESCO wakikata wakati 3080 iko kwenye moto, UPS inapiga kelele moja inalala na wewe unalala nayo. Bado sijagusa joto, Wati 320 zote zinageuka joto ndani ya chumba chako hapo Tanga mwezi wa pili, ukicheza masaa manne kwa siku tofauti yake na kadi ya Wati 160 ni kama uniti 19 kwa mwezi, luku itakuambia.

Tuje kwenye 4060 Ti 8GB. Hii inakaa kwenye powasaplai yako bila shida, Wati 160 tu, ila ningekuwa mimi ndo ya kwanza kuitoa kwenye listi. GB 8 kwenye 1440p leo zinabana, gemu kubwa ukiweka tekscha (zile picha zinazovalishwa kuta na vitu) juu zinajaa, zikijaa kadi inaanza kuazima RAM ya kompyuta kupitia ile sloti ya PCIe. Na hapa ndo kuna kitu wauzaji hawakuambii: 4060 Ti imefungwa leni (njia za kupitishia data kwenye hiyo sloti) 8 tu badala ya 16, na bodi yako ya B450 ni PCIe 3.0, kwahiyo hiyo barabara ya kuazimia inapitisha kama GB 8 kwa sekunde. Linganisha na GB 288 za memori yake yenyewe uone utani wake. Matokeo yake wastani wa fremu unaweza kuuona mzuri, 70 au 80, lakini kila ukigeuka kona picha inashtuka, au kuta zinabaki na ukungu sekunde kadhaa ndo zinakuja vizuri. Mwenye bodi ya PCIe 4.0 anaumia kidogo, wewe utaumia zaidi.

6700 XT ni kadi ya heshima, ya 2021, GB 12, leni zote 16. Udhaifu wake ni rei tresingi, yaani kukokotoa mwanga na vivuli kama vya kweli, ukiwasha kwenye Cyberpunk inalia, halafu inakula Wati 230 na AMD wanataka 650W, kwahiyo hata hii kwenye 550W yako naiona mpakani, inategemea powasaplai ni ya kampuni gani na ina umri gani.

Ushauri wangu ni kadi ambayo haipo kwenye listi yako: RX 9060 XT ya GB 16. Imetoka Juni 2025, bei ya kutangazwa Marekani ilipotoka ilikuwa dola 349, huku kwetu jumlisha usafiri na ushuru utaona wenyewe wanavyopiga, lakini ulizia kwanza kabla hujakimbia. Inakula kama Wati 160, AMD wanasema hata 450W inatosha, nyingi zinatumia waya mmoja wa pini 8, ina leni 16 kwahiyo B450 haiibani sana, na GB 16 ndo zitakufikisha hiyo miaka mitatu minne unayosema. Kwa fremu tupu iko chini ya 3080 kidogo, sikudanganyi, lakini unaichomeka leo kwenye mashine ulivyoiacha na unacheza, powasaplai huigusi. Tahadhari moja tu, ipo 9060 XT ya GB 8 na jina ni lilelile, boksi lilelile, kwahiyo soma namba ya GB kwa macho yako na iandikwe kwenye risiti. Mchezo huohuo upo kwa Nvidia kwenye RTX 5060 Ti, ina ya 8 na ina ya 16, na yenyewe ni leni 8.

Kuhusu jamaa yako na AMD. Sifa mbaya ilitokana hasa na RX 5700 XT ya 2019, watu walipata skrini nyeusi miezi mingi mpaka draiva zikatulia, kwahiyo hakuokota maneno barabarani. Ila ni stori ya zamani, mimi nafunga kadi za AMD na wateja hawarudi na hiyo kesi. Nvidia inashinda kweli kama unafanya Blender, mambo ya AI au editing nzito, na DLSS yao, ile ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza ili fremu ziongezeke, bado inapendwa. Wewe umesema gemu tu. FSR 4, ambayo ni DLSS ya upande wa AMD, kwenye kadi hizi za 9000 imepunguza pengo sana, na rei tresingi yake sio ile ya kulia ya kwenye 6700 XT.

Kama moyo umeshaganda kwenye 3080 (najua vijana mnavyoipenda hiyo namba), basi ifanye hivi. Usitume hela ya basi kwanza. Mwambie muuzaji akupigie video moja isiyokatwa, aanze na serial namba iliyo kwenye stika ya kadi, aichomeke huku kamera inaona, awashe, afungue GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi. Hapo usome mwenyewe: kore ziwe 8704, njia ya memori biti 320, memori GDDR6X. Kuna kadi zinatengenezwa China kwa chipu za laptop zikavalishwa feni za dekstop, na 3080 ya laptop ina kore 6144, sio mnyama mmoja. GPU-Z ikiona kadi imebadilishwa BIOS ikapewa jina la uongo inaandika kabisa FAKE pembeni ya jina, zile 1050 Ti za kuchakachua zilishikwa hivyo.

Halafu afungue HWiNFO, programu ya kuonyesha joto la kila kifaa, awashe gemu au jaribio zito nusu saa, sio dakika mbili, na wewe uangalie mstari mmoja tu, joto la memori. Sio joto la chipu, hilo litakuwa 70 na kitu na atakuonyesha kwa furaha. GDDR6X ikigonga 110 inaanza kujipunguza kasi kujiokoa, na 3080 nyingi zilizochimba sarafu za kidijitali zinafika huko kwa sababu zile padi laini kati ya memori na chuma cha kupozea zimekauka. Ukiona 104 kwenda juu, dai punguzo la padi mpya na kazi ya fundi. Ukiona kwenye ubao kuna mafuta mafuta yametoka pembeni, ni padi hizohizo zinavuja, haiui kadi lakini inakuambia ilivyoishi.

Usiogope neno "ilichimba" lenyewe. Sarafu ya Ethereum iliachana na uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022 na kadi zikamwagika sokoni, nyingine zilikuwa zimepunguziwa umeme na kukaa kwenye joto moja muda wote, ziko salama kuliko kadi ya mtu aliyekuwa anacheza kwenye kesi iliyozibwa na vumbi. Kinachochoka sana ni feni na padi, vyote vinabadilishika. Mimi ninachoogopa zaidi kwa kadi za pwani ni kutu, kwahiyo kwenye video aonyeshe kile chuma cha nyuma na soketi za HDMI kwa karibu, chumvi ikishaingia pale jua na ndani ipo.

Ukiichukua, tumia nyaya mbili tofauti kutoka kwenye powasaplai, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili, kila pini 8 imehesabiwa Wati 150. Na ipunguzie volteji kwa programu ya MSI Afterburner, nyingi zinashuka mpaka kwenye Wati 250 hivi na fremu hazipungui kwa kiasi cha kuumiza, ingawa kila chipu ina tabia yake.

Kuna mwingine atakuja kukuuzia GTX 1080 Ti kwa bei ya kuokota, GB 11, "bado inaua". Inaua kweli kwenye gemu za zamani, ila Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 haiwaki kabisa bila rei tresingi ya ndani ya kadi na 1080 Ti haina, halafu toka Oktoba 2025 Nvidia wameacha kuzitolea draiva mpya za gemu, zimebaki za usalama tu mpaka Oktoba 2028. Mpigie makofi aende zake.

Kabla hujatoa hela yoyote kagua vitu viwili. RAM yako ni kijiti kimoja cha 16 au viwili vya 8? Kama ni kimoja ongeza mwenzake, na uingie BIOS uwashe XMP, setingi ya kuifanya RAM ikimbie kasi iliyoandikwa, maana nyingi zinakaa 2133 au 2400 wakati zimeandikwa 3200, Warzone inasikia sana hiyo. Halafu ingia setingi za skrini kwenye Windows uone kama ni 165Hz kweli, utashangaa wangapi wamenunua monita ya 165 wanaangalia 60. Na ukitaka kujua kama prosesa ndo inabana, shusha setingi zote za Warzone mpaka chini, fremu zisipopanda ujue kadi haina kosa. Hiyo 5600 kwa 1440p naiona inatosha lakini pima.

Siku ya kufunga, ukihamia AMD futa draiva za Nvidia kwa DDU, programu ya kusafisha draiva za kadi, ukiwa kwenye sefu modi, zima mashine, chomoa umeme ukutani, ndo ubadilishe. Na hiyo 1660 Super usiiuze siku hiyohiyo hata kama mteja yuko mlangoni na hela mkononi, kaa nayo wiki mbili tatu, kwa sababu Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani, kadi mpya ikizingua hutaona hata maandishi ya kuwashia na utashindwa kujua tatizo ni kadi au bodi.