Sinywi Pombe, Niende Long Bar?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwezi ujao ofisi inanipeleka Singapore kwa mafunzo ya siku nne. Mwenzangu aliyetangulia ananisisitiza nisirudi kabla sijafika Long Bar, baa ya Hoteli ya Raffles, nikanywe Singapore Sling. Mimi situmii kilevi, posho yangu ya kubana, na baa sijazizoea. Niende, au nisijisumbue?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda. Nakwambia hivyo kwa sababu nimesimama nyuma ya kaunta ya hoteli Mombasa miaka 18, na baa ile niliingia wakati meli niliyokuwa nikiifanyia kazi ilipotia nanga Singapore.

Kinywaji kile kilichanganywa na mhudumu wa kaunta kama nilivyokuwa mimi: Ngiam Tong Boon, Mchina wa asili ya Hainan, kisiwa cha kusini mwa China. Watu wa Hainan walifika Singapore wakati wenzao wa mikoa ya Fujian na Guangdong wakiwa wameshashika biashara, basi wengi wao wakaingia majikoni na mahotelini. Hoteli inautaja mwaka 1915 kuwa ndio kilipozaliwa. Wenyewe husimulia kwamba siku hizo haikuwa adabu mwanamke kuonekana na pombe hadharani, ndipo Ngiam akatengeneza kitu chekundu-waridi ambacho macho yangekidhania maji ya matunda. Miaka yangu yote kaunta, wateja walijua jina la kinywaji, la aliyekichanganya hawakuuliza. Pale jina la Ngiam linatajwa pamoja na glasi yake, zaidi ya miaka 100 sasa. Mimi lilinigusa sana hilo.

Kuhusu kilevi usiwe na wasiwasi. Agiza ile isiyo na pombe, wanayo, na uitamke wazi kabla hujaketi vizuri. Ile yenyewe ina gin, likeri (pombe tamu) ya cheri, Cointreau ambayo ni likeri ya machungwa, Bénédictine ambayo ni likeri ya mitishamba, ndimu, shira ya komamanga na tone la Angostura, kikolezo kichungu, lakini kinachojaza glasi ni nanasi: mililita 120 za nanasi kwa 30 za gin. Nanasi likisukwasukwa na barafu hutoa povu jeupe zito linalokaa juu. Litazame povu hilo. Likizama upesi, mkono uliosuka ulikuwa na haraka.

Bei ni kali, sikufichi. Glasi yenye pombe inapita dola 35 za Singapore, na juu yake huongezwa asilimia 10 ya huduma na kodi ya asilimia 9. Kwa shilingi zetu haishuki chini ya 70,000. Soma menyu kwanza, agiza moja tu, na usione haya kuinywa polepole. Karanga hazilipiwi, zimo mezani ndani ya kifuko cha gunia, na maganda yake.

Maganda hayo, mwanangu, ni ya kutupa sakafuni. Singapore ukidondosha karatasi barabarani unatozwa faini, lakini ndani ya baa hii kila mtu anamenya na kuachia chini, na ukipita unayasikia yakipasuka chini ya viatu. Mkono wako utasita. Tupa tu, ndiyo desturi ya pale. Kisha inua macho: juu hakuna pangaboi, kuna safu za mapepeo yenye umbo la jani, yanakwenda mbele na kurudi kwa pamoja, taratibu, kama mtu anayempepea mgonjwa.

Shuka stesheni ya City Hall, utatembea dakika chache. Hoteli ilifunguliwa 1887 na ndugu wa Kiarmenia, akina Sarkies, ikitazama bahari. Ndiyo maana mtaa unaitwa Beach Road, ingawa leo bahari imefukiwa ikasogea mbali. Baa iko ghorofani. Wala usiogope kuingia peke yako, wateja wengi ni wageni kama wewe.

Nenda mchana, mafunzo yakikuruhusu, maana jioni foleni inateremka hadi chini. Omba kiti cha kaunta, usikubali meza ya pembeni. Na yule atakayekuchanganyia, muulize jina lake.